Moyo Upimwe Kabla ya Mchango Kupitishwa

Hakuna mwalimu aliyefundisha kwa miaka kadhaa katika nchi hii ambaye hajaipokea karatasi ile. Hupitishwa katika chumba cha walimu wakati wa mapumziko, imekunjwa mara mbili, na juu yake pameandikwa jina la mwenzetu na neno moja: mchango. Kila mmoja huitazama, akaandika jina lake na kiasi atakachotoa, kisha akamkabidhi jirani yake. Wiki iliyopita mwenzetu huyo alikuwa ubaoni, chaki mkononi. Leo amelala hospitalini, upande mmoja wa mwili haumtii, na ulimi uliokuwa ukifafanua hesabu za aljebra hauwezi kulitamka jina la mwanawe. Tunaambiwa ni kiharusi. Tunaambiwa pia kwamba shinikizo lake la damu lilikuwa juu kwa muda mrefu, wala yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Karatasi ile ni ushahidi wa utu wetu, na hatuna nia ya kuikejeli. Hata hivyo, yafaa tujiulize kwa nini fedha zetu hupatikana upesi namna ile baada ya mtu kuanguka, ilhali hazikupatikana za kumpima alipokuwa angali amesimama. Kipimo ambacho kingemwonya huchukua dakika chache tu. Hakihitaji kisu wala sindano. Lakini hakuna aliyemwambia akakifanye, na yeye, kama walivyo wengi wetu, aliona kwamba mtu haendi hospitalini pasipo kuumwa.

Madhumuni yetu leo ni kuonyesha kwamba kosa hili si la mtu binafsi peke yake. Sheria zetu za ushuru na za akiba ya matibabu zina kasoro iyo hiyo ya karatasi ya mchango: humtuza anayejiwekea fedha za kitanda cha uzeeni, lakini humnyima nafuu anayelipia kipimo cha leo. Twaamini kasoro hiyo yaweza kurekebishwa, na twaamini walimu na wanafunzi wana sehemu yao katika marekebisho hayo.

Kwanza, ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa kati ya miaka 30 na 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba karibu nusu yao hawakujua. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban robo ya watu wazima walikuwa na tatizo hilo. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani mwao. Miongoni mwa wale waliokutwa na shinikizo la juu, waliokuwa wakitumia dawa walikuwa wachache mno, pungufu ya mmoja kati ya kumi.

Takwimu hizo zatisha kwa sababu ugonjwa wenyewe ni mnyamavu. Jino likioza huuma, na malaria hutetemesha. Shinikizo la damu, kwa upande wake, laweza kukaa mwilini miaka kumi bila kutoa hata dalili moja, huku likiichakaza mishipa, likiulemea moyo, likiziharibu figo na macho. Mtu hulima, hufundisha, huimba kwaya, hucheza mpira. Kisha siku moja mshipa wa ubongo hupasuka au huziba. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya, lakini, hayafichwi na mgonjwa. Yenyewe ndiyo yanayojificha, na kinachoweza kuyafichua ni kipimo tu.

Sasa swali linalotushughulisha ni hili: nani alipie kipimo cha mtu asiyeumwa? Bima, kwa desturi yake ya kale, hulipia maafa yaliyokwisha kutokea. Mtu naye husita kutoa fedha mfukoni kwa ajili ya ugonjwa asiouhisi, hasa akikumbuka karo ya watoto na deni la dukani. Ndipo baadhi ya nchi zikabuni njia ya tatu, yaani kumruhusu raia ajiwekee akiba ya matibabu kutokana na mapato ambayo hayajatozwa ushuru, kisha aitumie akiba hiyo kujitibu na kujipima. Mojawapo ya nchi zilizoifuata njia hii ni Marekani, na ni vyema tuitazame kwa makini, tuone lililofaa na lisilofaa.

Mwezi Desemba mwaka wa 2003 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria iliyoanzisha akaunti maalumu za akiba ya afya, nazo zikaanza kutumika Januari 2004. Mtu anayestahili kuwa na akaunti hiyo huingiza fedha zisizotozwa ushuru wa mapato. Fedha zikizaa faida, faida hiyo haitozwi. Na akizitoa kwa ajili ya matibabu yanayokubaliwa, hatozwi vilevile. Kwa mwaka wa 2025 kiwango cha juu cha kuweka kilikuwa dola 4,300 kwa mtu mmoja na dola 8,550 kwa familia. Zisipotumiwa mwaka huu hubaki kuwa zake mwaka ujao, hata akibadili kazi. Akizitumia kwa anasa kabla ya kutimiza miaka 65, hutozwa ushuru pamoja na adhabu ya asilimia 20.

Ipo pia akaunti ya aina nyingine, ambayo huendeshwa kupitia kwa mwajiri. Hiyo nayo hupokea fedha kabla ya ushuru, lakini kwa kawaida kinachosalia mwishoni mwa mwaka hupotea, isipokuwa kiasi kidogo au muda mfupi wa ziada ambao mwajiri aweza kuruhusu. Kwa sababu hiyo, Wamarekani wengi hukimbilia kuzitumia fedha hizo mwaka unapokaribia kwisha, na wapo wanaozitumia kujipima moyo.

Katika mpango huo lipo jambo moja tunaloliona kuwa la busara kubwa. Mwaka wa 2007 idara ya ushuru ya nchi hiyo iliamua rasmi kwamba uchunguzi wa mwili unaofanywa kila mwaka ni matibabu, hata kama anayechunguzwa hahisi ugonjwa wowote. Maana yake ni kwamba mtoza ushuru mwenyewe alikiri kuwa kumtafuta adui kabla hajashambulia ni sehemu ya vita. Tena, sheria ya afya ya mwaka wa 2010 ililazimisha bima nyingi za huko kulipia vipimo vya kinga vilivyopendekezwa na wataalamu, kikiwamo cha shinikizo la damu, bila mgonjwa kuongeza hata senti. Kwa hiyo akaunti ya akiba hubaki kusaidia pale ambapo bima haifiki; mathalan, picha ya kompyuta inayoonyesha chembechembe za kalsiamu katika mishipa ya moyo, ambayo mara nyingi bima za huko hazikubali kuilipia.

Lakini tusishangilie upesi. Kwa miaka mingi akaunti ile ya kwanza imefungamanishwa na bima ambayo humtaka mgonjwa ajilipie mwenyewe kiasi kikubwa kabla ya bima kuanza kulipa. Kwa mwaka wa 2025 kiasi hicho kilikuwa angalau dola 1,650 kwa mtu mmoja. Mwenye mshahara mnono huijaza akaunti yake na kupunguziwa ushuru. Mwenye mshahara mdogo hana cha kuweka, na hata akiweka, ushuru anaopunguziwa ni kidogo kwa kuwa anaolipa ni kidogo. Akiba haiozi, ni kweli, ila hapana budi iwepo kwanza.

Tugeuke sasa tuitazame Kenya. Tarehe 1 Oktoba 2024, Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, iliyokuwapo tangu mwaka wa 1966, iliipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile inayojulikana na wengi kwa jina la SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Baadaye, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru ya mwaka wa 2024, iliyoanza kutekelezwa tarehe 27 Desemba mwaka huo, iliamuru kwamba makato hayo yaondolewe kwanza katika mapato kabla ya ushuru kukokotolewa. Sheria iyo hiyo ikamruhusu mwajiriwa kuweka hadi shilingi 15,000 kila mwezi katika hazina ya matibabu ya baada ya kustaafu, nazo zisitozwe ushuru. Mbali na hayo, ipo nafuu ya zamani kwa mwenye bima ya kibinafsi, ambayo ni asilimia 15 ya malipo ya bima, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka.

Msomaji mwangalifu ataiona kasoro. Makato ya SHA yanapunguziwa ushuru, malipo ya bima ya kibinafsi yanapunguziwa, na akiba ya matibabu ya uzeeni inapunguziwa. Lakini mwalimu wa miaka 42 anayeingia katika maabara mjini, akalipa kwa fedha zake mwenyewe ili apimwe sukari na mafuta ya damu, hapunguziwi hata senti moja. Stakabadhi yake haina thamani mbele ya mtoza ushuru. Lile lililokubaliwa kule Marekani mwaka wa 2007, kwamba kumpima asiyeumwa ni matibabu, bado halijaingia katika fomu zetu za ushuru.

Ajabu zaidi ni hiyo hazina ya baada ya kustaafu. Mwalimu hustaafu akiwa na umri wa miaka 60. Akianza kuweka akiba akiwa na miaka 35, atakuwa akijaza chungu kwa robo karne kabla ya kukionja. Moyo haungoji barua ya kustaafu. Shinikizo la damu aghalabu huanza kujijenga katika umri wa makamo, wakati uo huo ambapo mtu ana mzigo mzito zaidi wa kazi na familia. Kumwambia mtu huyo kwamba fedha zake za matibabu zitamsubiri hadi uzeeni ni sawa na kumwekea maji kwenye tangi lenye kufuli wakati nyumba inaanza kufuka moshi. Hatusemi akiba ya uzeeni ni mbaya, la hasha. Twasema kwamba asiyepimwa mapema huenda asiufikie uzee huo anaouwekea akiba.

Wanafunzi wa hesabu na wachukue kalamu. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023, tuchukue watu watatu, kila mmoja akiweka shilingi 3,000 kwa mwezi katika hazina hiyo ya matibabu. Wa kwanza ni mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 60,000. Sehemu ya juu ya mapato yake hutozwa asilimia 30, hivyo anapunguziwa ushuru wa shilingi 900. Akiba yake ya 3,000 imemgharimu 2,100. Wa pili ni mkurugenzi wa kampuni apataye shilingi milioni moja. Sehemu ya juu ya mapato yake hutozwa asilimia 35, kwa hivyo yeye anapunguziwa shilingi 1,050. Wa tatu ni mpishi wa shule mwenye mshahara wa shilingi 20,000. Ushuru wake ni asilimia 10, yaani shilingi 2,000, lakini nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 inaumeza wote. Halipi ushuru wa mapato; basi akiweka 3,000, zimemgharimu 3,000 kamili.

Akiba ni ile ile, maradhi ni yale yale, lakini serikali imemsaidia zaidi aliye nacho, ikamsaidia kiasi aliye wa kati, na ikampita asiye nacho. Na huyo mpishi angalau ana mshahara. Mama mboga, mwendeshaji wa bodaboda, fundi wa jua kali na mkulima wa mahindi hawamo kabisa katika hesabu hiyo. Kwa hivyo, yeyote atakayesema kwamba nafuu ya ushuru peke yake itaupima moyo wa Mkenya atakuwa anawasemea wachache.

Tuwafikirie pia watoto, maana moyo si shida ya watu wazima tu. Kuna maradhi ya moyo yanayoanzia kooni. Mtoto wa shule, hasa wa kati ya miaka mitano na kumi na mitano, hupatwa na maumivu ya koo yanayoletwa na aina fulani ya bakteria. Asipotibiwa, mwili wake huenda ukazusha homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba na kuuma, kisha vile vilango vya moyo, yaani vali, hupata makovu. Miaka baadaye msichana yule hushindwa kupanda kilima cha kwenda shuleni, akahema kama mzee, na akija kuwa mjamzito maisha yake huwa hatarini. Dawa ambayo ingemwokoa mwanzoni ni penisilini, dawa kongwe na ya bei nafuu. Mtoto huyo hana mshahara wala akaunti, na mara nyingi mzazi wake halipi ushuru wa mapato. Kwake yeye, kipimo hakiwezi kutegemea nafuu ya ushuru. Hakina budi kuwa haki itolewayo na umma.

Kwa bahati, mlango wa haki hiyo umekwisha kujengwa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka wa 2023 iliunda hazina tatu, na mojawapo ni Hazina ya Afya ya Msingi, inayogharimiwa na serikali ili wananchi wahudumiwe katika zahanati na vituo vya afya bila kulipa. Mwezi Septemba mwaka wa 2023 serikali ilizindua pia kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, wakakabidhiwa mikoba yenye vifaa, vikiwamo vya kupimia shinikizo la damu na sukari, ili waende nyumba kwa nyumba. Huo ni mpango mwema, nasi twausifu. Lakini mlango si nyumba. Kifaa kisicho na betri hakipimi. Mhudumu asiyelipwa kwa wakati hupoteza ari. Zahanati isiyo na dawa humfanya aliyepimwa arudi nyumbani na hofu mpya badala ya tiba.

Kuna watakaotupinga. Watasema, kwanza, kwamba serikali ina madeni na haiwezi kupoteza mapato zaidi kwa kusamehe ushuru wa vipimo. Twawajibu kwamba tunachopendekeza si msamaha usio na mpaka. Kiasi kiwekewe kikomo kidogo kwa mwaka, stakabadhi ionyeshwe, na vipimo vinavyokubaliwa viorodheshwe na wataalamu wa Wizara ya Afya. Tena, kiharusi cha mtu mmoja huiondoa familia katika uzalishaji: mgonjwa haendi kazini, binti anaacha masomo kumuuguza, shamba linauzwa. Ushuru wa watu hao wote nao hupotea, ingawa hakuna anayeuandika katika daftari.

Watasema, pili, kwamba vipimo vya moyo vimekuwa biashara, na nafuu ya ushuru itawaneemesha wafanyabiashara. Hapo wana haki, na hatuna budi kusema wazi. Si kila kipimo kinachotangazwa kina faida. Jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilishauri mwaka wa 2018 kwamba watu wazima walio katika hatari ndogo, wasio na dalili, wasipimwe umeme wa moyo kama kawaida ya kila mtu, na mwaka wa 2021 likarudia ushauri wake kwamba mishipa ya shingo isichunguzwe kwa watu wazima wasio na dalili. Sababu ni kwamba vipimo hivyo, kwa watu wa namna hiyo, huweza kuzusha hofu, vipimo vingine na hata upasuaji usiohitajika. Kwa hivyo orodha yetu iwe fupi na ya busara: shinikizo la damu kwa kila mtu mzima, sukari na mafuta ya damu kwa wale ambao umri, uzito, uvutaji sigara au historia ya jamaa zao inawaweka hatarini, na vinginevyo kwa agizo la daktari. Jambo la kufurahisha ni kwamba kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote ndicho cha bei ya chini kuliko vyote.

Watasema, tatu, kwamba kupima bila kutibu ni kazi bure. Tunakubaliana nao kabisa. Ndiyo maana kipimo na dawa havina budi kwenda sambamba. Dawa nyingi za kushusha shinikizo la damu ni za miaka mingi, hazina tena hakimiliki ya kampuni moja, na huweza kununuliwa kwa wingi kwa bei ya chini. Kinachohitajika ni ziwepo zahanati kila mwezi, maana mgonjwa wa shinikizo la damu hatibiwi mara moja akapona. Hutunzwa maisha yake yote.

Kutokana na hayo, tuna mapendekezo manne. La kwanza ni kwa Bunge na Hazina ya Taifa. Sheria ya Ushuru wa Mapato irekebishwe ili gharama ya vipimo vilivyoorodheshwa vya moyo ihesabiwe kuwa matibabu yanayostahili nafuu, kwa kiwango kilicho sawa kwa kila mlipaji, si kile kinachopanda kadiri mshahara unavyopanda. Vilevile, mwanachama wa hazina ya matibabu ya baada ya kustaafu aruhusiwe kutoa kila mwaka sehemu ndogo ya akiba yake, kwa ajili ya vipimo hivyo tu, kabla ya kustaafu.

La pili ni kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii na serikali za kaunti. Kila mtu mzima aingiaye zahanati, awe amekuja kwa kikohozi au amemleta mtoto kupata chanjo, apimwe shinikizo la damu papo hapo na aandikiwe matokeo katika karatasi atakayoondoka nayo. Kufanya hivyo hakuhitaji jengo jipya. Kunahitaji kifaa kizima, mhudumu aliyefunzwa, na Hazina ya Afya ya Msingi inayolipa vituo kwa wakati.

La tatu ni kwa walimu wakuu na halmashauri za shule. Shule ndiyo taasisi iliyoenea zaidi katika nchi hii. Penye kijiji pana shule. Yafaa kila muhula iwepo siku moja ambapo wahudumu wa afya wa eneo hilo wataalikwa kuwapima walimu, makarani, wapishi na walinzi. Siku ya mkutano wa wazazi, meza moja iwekwe chini ya mti, na kila mzazi apimwe kabla ya kwenda kusikiliza matokeo ya mtihani. Mwalimu wa zamu naye asimpuuze mtoto alalamikaye koo lenye maumivu makali pamoja na homa, ampeleke zahanati.

La nne ni kwa kila mmoja wetu. Mwalimu, usingoje sheria ibadilike. Nenda ukapimwe wiki hii. Keti kwa utulivu dakika tano, usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, egemeza mgongo, na mkono uwe sawa na usawa wa moyo. Utapewa tarakimu mbili. Zikifika 140 kwa 90 au zaidi, usifadhaike, kwa kuwa kipimo kimoja hakitoshi kukuhukumu. Rudi siku nyingine upimwe tena, na zikibaki juu, mwone daktari au afisa wa kliniki. Zikiwa chini ya hapo, shukuru, ziandike, na urudi mwakani. Mwanafunzi, nawe ukifika nyumbani likizoni, muulize baba, muulize mama, muulize babu: mara ya mwisho kupimwa presha ilikuwa lini? Swali hilo halimkosei mzazi adabu. Mtoto aliyesomeshwa kwa jasho la mzazi ana haki ya kutaka mzazi huyo aishi.

Sheria ya ushuru ni maandishi ya binadamu, na huonyesha kile ambacho taifa linakithamini. Tukisamehe ushuru wa kitanda na kuutoza ushuru wa kipimo, tunatangaza kwamba tunathamini ugonjwa kuliko afya. Hatuamini kwamba hilo ndilo kusudi la waliotunga sheria zetu. Twaamini walilisahau tu, kama sisi tunavyosahau kujipima hadi mwenzetu aanguke.

Karatasi ya mchango itaendelea kupitishwa katika chumba cha walimu, kwa kuwa misiba haitakwisha duniani. Lakini zipo karatasi ambazo hazikupaswa kuandikwa kamwe. Kabla ya ile inayofuata haijakufikia, jiulize kama jina lililo juu yake laweza kuwa lako, kisha uelekee zahanati kungali mapema.